Fundi Aliyepima kwa Uzito Wangu

Ulikuwa mwaka wa viazi vitamu. Kule kwetu Itiryo viwavi walikula mahindi mpaka yakabaki mabua matupu, lakini viazi vilishika ardhi vizuri, basi Tarime nzima tukala viazi. Asubuhi viazi na uji, mchana viazi na maziwa ya mgando, jioni viazi na majani ya kunde. Watoto walijamba darasani mpaka mwalimu akawa anafundishia nje. Wengine walilalamika. Mimi nilinenepa. Nilinenepa mpaka benchi la kibanda changu cha uji likalegea miguu, na mwaka huo ndipo Fundi alipovuka njia akaja kunitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani.

Gereji yake ilikuwa nyuma ya stendi, hatua chache kutoka kwangu. Tulikuwa tunasalimiana tu. Siku hiyo alisimama, mikono imejaa grisi, akasema, "Mama Ghati, samahani. Una nafasi kidogo?"

"Unaona nimelala?"

"Nataka ukae kwenye pikipiki."

"Niende wapi?"

"Usiende popote. Ukae tu."

Wateja wangu wakacheka mpaka uji ukawatoka puani. Nilikwenda kwa ubishi, nione anataka nini. Sikujua kwamba nitakaa kwenye pikipiki za watu kwa miaka yote iliyofuata, na kwamba kukaa huko ndiko kutakakonifikisha kwenye jambo ninalolieleza hapa.

Jina lake silitaji. Mjini hapa hakuna aliyelitumia, tulimwita Fundi, na mafundi wengine wote ilibidi waongezewe majina yao ili wajulikane.

Kazi yake hasa ilikuwa kukaza fremu. Pikipiki za huku zinatengenezwa na watu wasiotujua. Wao wanafikiri atapanda mtu mmoja na mkoba. Sisi tunapanda dereva, mama, binti wa mama na gunia, halafu tunashuka mteremko wa changarawe wenye mifereji ya mvua. Hapo fremu inajipinda. Tairi la mbele linataka kwenda Musoma, la nyuma linataka kubaki nyumbani. Madereva walisema pikipiki inacheza mkia. Ikianza kucheza mkia kwenye mteremko, hata ukiwa shujaa wa namna gani, unaita mama yako.

Basi Fundi alitengeneza vyuma viwili, kimoja kila upande, kutoka chini ya injini mpaka pale uma wa nyuma, ule unaoshika tairi, unapoungana na fremu. Vyuma vya namna hiyo vilikuwa vinauzwa pia, vinakuja vimeshapakwa rangi, watu wanavinunua Sirari na kuvifunga wenyewe. Pikipiki inaendelea kucheza mkia. Wakimletea na kulalamika, alikuwa anauliza neno moja tu: "Ulivifunga ikiwa imebeba nini?"

"Haikubeba kitu, Fundi. Ilikuwa imesimama."

"Basi umeikaza ikiwa imesimama. Nenda nayo ikiwa imesimama."

Yeye hakukubali kupima pikipiki tupu. Alisema fremu ikiwa haina mzigo inakaa kama mgeni sebuleni, imenyooka, huwezi kujua tabia yake. Lazima ibebe. Basi dereva anakaa mbele, mimi nyuma, gunia la mkaa wangu linafungwa kwenye keria kama mzigo wa dereva ni mkubwa zaidi, na Fundi analala chini juu ya kiroba, jicho moja amefumba, kamba ameivuta kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele.

"Mama Ghati, hama kushoto. Zaidi. Rudi. Sasa hama kulia. Pumua kama kawaida."

"Napumua kama kawaida!"

"Unajibana tumbo."

Niliwahi kumwuliza kwa nini asitumie magunia peke yake, kwani magunia hayana uji wa kuungua. Akasema gunia halihami tako. Mtu anahama, anageuka kusalimia shemeji yake, anapiga chafya, na hapo ndipo fremu inaposema ukweli. Akishaona, anaweka alama ya chaki, nashuka, anakata, anatoboa, anachomelea vishikio, halafu nakaa tena ndipo anakaza bolti. Lazima nikae wakati wa kukaza. Nikishuka kabla, anafungua zote anaanza upya. Uji wangu uliungua mara nyingi. Nilimtukana mara nyingi. Nilirudi kila alipoita.

Nisidanganye, nilipenda. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, nikaolewa, nikazaa, nikazika mume, nikauza uji. Hakuna mtu aliyewahi kunihitaji kwa kitu ambacho mwingine hana. Sasa madereva wakubwa wenye ndevu walikuwa wananiamkia shikamoo mara mbili na kuninunulia soda. Wakinitania nilikuwa najibu.

"Bibi, ukikalia hii na isipinde, hata nyati wa Serengeti nitambeba."

"Mbebe, mura. Nyati hatakunywa soda yako, ila atakushusha kabla ya kufika."

Na Fundi alikuwa anasema mbele ya watu wote, bila kucheka, "Mizani yangu ni huyu mama." Nilikuwa naisikia tumboni, kama uji wa moto.

Mtu huyu yeye mwenyewe hakupanda pikipiki. Hata mara moja. Ukimwuliza alisema, "Nazijua ndani zilivyo." Jumamosi alifunga gereji akatembea kwa miguu kwenda kanisani, viatu vikubwa vimepigwa rangi, Biblia ndani ya mfuko wa nailoni, na madereva aliowafungia vyuma walikuwa wanampita wakipiga honi, na yeye anapunga mkono, hapandi. Mvua ikimkuta, inamkuta.

Msabato hasa, pombe hagusi, lakini kila alipomaliza kufunga chuma alikuwa anatema mate kidogo juu yake. Wazee wetu Wakurya wakikubariki wanakutemea mate, kila mtu wa huku anajua. Nilimwambia, "Fundi, mchungaji akikuona?" Akasema anasikiliza kama chuma bado kina moto. Nikamwambia, "Mbona hata chuma cha jana unakitemea?" Akachukua spana, akaenda kukaza kitu ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

Alikuwa mkali. Kijana mmoja alikuja na miwani ya jua, akasema anataka vyuma ili awe anawaacha wenzake kwenye kona. Fundi akamwambia, "Wewe nikikufungia vyuma utaongeza mwendo. Afadhali ikuyumbishe uogope. Toka." Kijana akatoka akimtukana. Nilimsifu Fundi siku hiyo. Lakini kesho yake hakufungua gereji. Alizunguka mji mzima kwa miguu akimtafuta yule kijana, akamkuta kwenye kijiwe cha pili, akatuma niitwe nikakae, akamfungia vyuma pale pale barabarani, akimgombeza muda wote. Nilimwuliza kwa nini. "Sikulala vizuri," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote kwa moto wa kuchomelea, mchana alikuwa anaegemea ukuta na vipande vya kiazi mviringo juu ya macho, wageni wanadhani amekufa. Lakini siku ile yalikuwa mekundu kwa namna nyingine.

Siku nyingine ilikuja pikipiki kubwa kama ndama, Mzungu na mkewe, wametoka upande wa Kenya wanakwenda kuangalia wanyama. Masanduku ya bati pembeni, mahema juu, wametembea nchi nyingi. Pikipiki yao ilikuwa na vyuma vya kukazia fremu vinavyong'aa, vya kwao, vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na bado ilikuwa inawayumbisha kwenye changarawe mpaka mke alikuwa ameanza kusali. Nilijifuta mikono, nikajiweka tayari kuitwa.

Sikuitwa. Fundi aliwaambia wakae wao wenyewe, na masanduku yao na mahema yao, vile vile wanavyosafiri. Akalala chini, akalegeza bolti zote za vile vyuma, akamwambia mama wa Kizungu ahame kushoto, ahame kulia, akakaza tena. Basi. Hakuchomelea hata kitu kimoja. Walikwenda wakarudi siku ya tatu kumshukuru, wakampiga picha. Mimi niliona wivu, nasema wazi. Nikamwuliza, "Leo mizani yako imeharibika?"

Akasema, "Kila pikipiki inapimwa kwa mzigo wake, Mama Ghati. Hawa wamekuja na mzigo wao. Vijana wetu hawajui kesho watabeba nani, ndiyo maana nawapimia kwa mtu mzito kuliko wote ninaowajua."

Maneno hayo niliyashika. Niliyashika vizuri kabisa, ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Mwaka wa Marwa, kijana nitakayemfikia sasa hivi, watu walikuwa wanakula vizuri. Mvua zilikuwa zimekaa sawa, ndizi zilikuwa zinaozea sokoni. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nakula mchicha wa kuchemsha na kipande cha ugali kama sabuni ya hoteli, kwa sababu daktari alisema nina sukari. Nikakonda. Nilikonda haraka, pete ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni. Na mjini hapa mwanamke akikonda ghafla watu hawamwulizi, wanamalizia wenyewe. Wanahesabu mume alikufa kwa ugonjwa gani, nani alimtembelea. Basi asubuhi nikawa navaa gauni, kitenge juu yake, kitenge kingine juu ya kile, na sweta mbili. Jua la saa saba nikawa natokwa na jasho kama mpika pombe. Watu wakawa wananiona yule yule.

Marwa alikuwa kijana wa Ringwani, ng'ambo ya mto Mara. Mama yake ndiye aliyekuwa analima ulezi wa uji wangu, na Marwa ndiye aliyekuwa ananiletea kwa pikipiki. Alikuwa anaimba kwaya, sauti nene, akifika anaizima pikipiki mbali kidogo ili nisikie anamalizia wimbo. Alikuja kufungiwa vyuma. Pikipiki mpya. "Bibi, njoo unibariki kwa makalio," akasema, na vijana wakaangua kicheko.

"Shika adabu. Mama yako nitamwambia."

Nikapanda. Fundi akalala chini na kamba yake. Akazitazama shokapu, akazitazama tena. Akasema nihame kushoto, nikahama. Nihame kulia. Akainua kichwa akanitazama, mimi nikatazama stendi. Moyo wangu ulikuwa unapiga chini ya sweta zote mbili. Maneno yalikuwa hapa, kwenye ulimi: Fundi, weka na gunia, mimi si yule. Maneno sita saba. Vijana walikuwa wamesimama pale, kama wanane. Nikayameza.

Akakata, akachomelea, nikapanda tena, akakaza. Akatema mate yake. Marwa akaondoka akiimba.

Haikufika miezi miwili. Alikuwa anatoka Ringwani, shangazi yake amekaa nyuma, na kwenye keria gunia la ulezi. Gunia langu. Kwenye mteremko kishikio cha chuma cha kushoto kikakatika. Chuma kilikuwa kimekazwa kwa mzigo mdogo, kila siku akibeba mzigo wa kweli kilikuwa kinavutwa, kinavutwa, mpaka kikachoka. Pikipiki ikaruka pembeni. Shangazi alivunjika paja, anachechemea mpaka leo. Marwa hakuamka.

Tulikwenda kuzika Ringwani. Nilipeleka unga. Mama yake alinishika mikono yote miwili akasema, "Wewe mwanangu alikupenda, kila siku alikuwa ananiletea vichekesho vyako." Nikalia, na watu wakasema Mama Ghati ana huruma. Fundi alikuja kwa miguu, siku mbili njiani. Alisimama nyuma, na watu wakamsogea mbali, mmoja mmoja, mpaka pakabaki uwazi wa kutosha ng'ombe watatu, yeye katikati na kofia mkononi. Nilikuwa na uwezo wa kutembea hatua kumi nikasimame naye. Nilikaa na wanawake.

Tuliporudi, madereva walikuja gereji. Hawakumpiga, walimheshimu kwa kiasi hicho. Walifungua vyuma kwenye pikipiki zao, kila mmoja na spana yake, wakavitupa mlangoni kwake. Siku nzima, kling, kling. Wengine walitoka mbali, walisikia tu. Lilikuwa rundo la kufika kiunoni. Kila chuma pale nilikuwa nimekikalia. Mmoja akamfokea, "Sema, Fundi! Ulifanya nini?"

Akasema, "Nilipima vibaya."

Hakutazama upande wangu. Wiki ile akafunga gereji, akarudi kijijini. Kijiji chenyewe ni jirani na kwetu, Itiryo, lakini kila nilipokwenda kuona ndugu zangu nilikuwa napita njia ya juu nisikutane naye. Na vijana wakawa wanashuka miteremko yao bila vyuma. Wawili zaidi wameanguka tangu hapo. Yule kijana wa miwani ya jua ni mmoja, sasa anatembelea magongo. Nao pia watu wanamhesabia Fundi, eti alianzisha laana.

Mwaka huu, kabla ya palizi, nilisikia amelala na kifua. Moshi wa miaka yote ile umemkaa ndani. Nikaenda. Nilipita njia ya chini.

Nilimkuta nje, kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini mchana wa jua, amekuwa kama mfuko wa spana. Mkaza mwanawe akaniletea kigoda na maji, akaenda kupalilia migomba karibu pale. Fundi alinitazama muda mrefu. Siku hiyo nilikuwa nimevaa gauni moja tu.

"Umepungua, Mama Ghati."

"Nilipungua zamani, Fundi. Kabla ya Marwa. Nilikuwa navaa sweta." Nikamwambia yote, mchicha, daktari, vitenge, maneno niliyoyameza. Niliyasema bila kupumzika kwa sababu nilijua nikipumzika nitakimbia.

Akakohoa kwanza, akamaliza kukohoa. "Nilijua siku ile ile," akasema.

Nilidhani kigoda kimekatika mguu.

"Miaka yote ukikaa, shokapu zinashuka vidole vinne. Siku ile zilishuka vitatu, na havikutimia. Nikatazama, nikatazama tena. Nikajiambia, pikipiki mpya, shokapu bado ngumu. Nilijidanganya."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulizeje? Nimwambie mama wa watu, mjane, mbona mwili umekwisha? Mbele ya vijana wale? Jioni ungekuwa umeshazikwa na midomo yao." Akafuta macho, yalikuwa yanamtoka maji yenyewe. "Gunia la mkaa lilikuwa pale pale. Ningelifunga tu. Niliona aibu kulifunga, ungejua nimejua."

Kuku walipita katikati yetu. Mtu huyu aliona aibu kwa ajili yangu, na mimi niliona aibu kwa ajili yangu mwenyewe, na katikati ya aibu mbili kijana akashuka mteremko.

Nikamwambia nimekuja kumwambia kwamba nakwenda Ringwani kwa mama yake Marwa, halafu nitarudi stendi niwaite madereva, niwaeleze kwamba Fundi hakupima vibaya, alipewa mizani ya uongo. Wafunge vyuma vyao, waache kuanguka. Wamrudishie jina lake angali anasikia.

Alitikisa kichwa. "Usiende. Mimi nimefika mwisho, haya mambo nayabeba naondoka nayo. Nimeshazoea kusemwa. Wewe hujazoea. Yule mama ana nani sasa? Bado anakuletea ulezi?"

"Bado. Anapanda basi anauleta mwenyewe."

"Analala kwako?"

"Kitandani kwangu."

"Ukimwambia hatakuja tena. Umemwondolea mwana, utamwondolea na rafiki? Na wajukuu zako, wataitwaje hapo mjini? Niachie mimi."

Alisema kwa upole, kama alivyokuwa anasema hama kushoto. Na alisema kweli. Nilimwona yule mama akishuka basi na gunia lake, ananitafuta kwa macho. Nilitaka sana kumwachia. Nilikuwa nimemwachia miaka yote hiyo, nimeuza uji wangu, nimelala usingizi.

"Sikubali," nikasema. "Nitasema mimi."

Akanyoosha mkono, vidole vyeusi vile ambavyo sabuni imeshindwa, akashika ukingo wa gauni langu. Hakuwahi kunigusa tangu nimjue. Mkaza mwanawe aliacha jembe akatutazama.

"Mama Ghati. Nakuomba. Nakuomba kama mtu anayekufa."

"Sikubali. Nitasema mimi."